Mgeni Aliyeomba Mbwa Afungwe

Bi Chapa alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: maneno ya watu hayakuweza kupita mikononi mwake bila yeye kuyatengeneza. Ukimpelekea barua ya kuomba kazi uliyoiandika kwa hasira, ilitoka na adabu. Ukimpelekea hotuba ya mwenyekiti yenye kurasa kumi na mbili, zilitoka nne, na mwenyekiti akapigiwa makofi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akadhani ni akili zake. Kuna bwana mmoja alimletea barua ya kuacha kazi, matusi kwa bosi wake yamejaa mpaka pembezoni mwa karatasi. Bi Chapa akaipiga ikawa ombi la likizo ya wiki mbili. Bwana yule alitia saini bila kusoma, maana wenye saini nzuri hawasomi. Siku hizi ndiye bosi pale, na bado hajui kilichomwokoa.

Chumba chake cha kazi kilibanwa katikati ya kinyozi na daktari wa meno. Mchana kutwa ukuta wa kushoto ulicheka na ukuta wa kulia ulilia, naye katikati akichapa. Alikuwa na meza moja, kompyuta moja, printa iliyokohoa kabla ya kila ukurasa, na kiti cha wateja kilichokosa mguu, kikasaidiwa na kamusi ambayo tangu hapo ndiyo kamusi iliyobeba mzigo mkubwa kuliko zote mjini. Mume hakuwa naye. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, basi. Na huyo naye, kwa miaka tisa, hakuwa naye.

Mama yao alipofariki, Bi Chapa alikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wake kumi na mmoja. Baba alikwishaondoka zamani kwenda kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, kwa sababu hakurudi. Basi dada akamlea mdogo wake kwa vidole kumi: alichapa asubuhi, alichapa mchana, na kijana akala, akavaa, akasoma. Kisha kijana huyo, badala ya kuwa mhandisi au hata karani, akawa mwandishi wa vitabu. Ukoo mzima uliipokea habari hiyo kama majibu mabaya ya hospitali. Dada peke yake ndiye aliyefurahi. Alimwambia, "Lete hapa. Nani mwingine atakuchapia?"

Kijana akaleta madaftari saba. Hadithi yenyewe ilikuwa yao wenyewe, imebadilishwa majina tu. Bi Chapa aliichapa huku akicheka peke yake, mpaka kinyozi akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Akafika sura ya mwisho.

Katika sura ile, mama na watoto wawili wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati, saa nne za asubuhi. Namba yao ni arobaini na moja. Dirishani wamefika thelathini na nane. Mama anaegemea bega la mtoto wa kiume kana kwamba amepitiwa na usingizi. Inapoitwa arobaini na moja, hakuna wa kuinuka.

Vidole vilikataa. Si kwamba Bi Chapa aliamua. Aliviweka juu ya vitufe, vikakaa. Akanywa maji, akarudi, vikakaa. Halafu, bila kuagizwa, vikaanza kazi yao ya siku zote, ya kutengeneza. Namba ikaitwa, mama akainuka, akaingia, akatoka na chupa ya dawa, na wote watatu wakarudi nyumbani kwa miguu wakifuata kivuli cha ukuta. Kurasa saba. Kwa bahati mbaya zilikuwa kurasa nzuri.

Mdogo wake aliupeleka mswada kwa wachapishaji bila kuipitia sura ya mwisho, kwa sababu na yeye hakuweza kuisoma. Hilo hakulisema kwa mtu. Kitabu kikatoka. Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi, mtu mzima mwenye sauti ya redio, akasimama kusoma ukurasa wa mwisho mbele ya watu. Mwandishi, ameketi mbele kabisa na suti ya kuazima, akamsikia mama yake akitoka zahanati mzima wa afya. Watu walisimama wakapiga makofi. Magazetini waliandika kwamba kilichokifanya kitabu kile kuwa kitabu ni ule mwisho wake.

Wiki ile ikaja baruapepe yenye mistari miwili. "Nilikupa kifo cha Mama, ukakirekebisha. Usiniandikie tena." Kijana akahamia mji mwingine, akabadili namba ya simu, na dada akabaki na anwani ile ya baruapepe kama mtu aliyebaki na ufunguo wa nyumba iliyovunjwa.

Aliandika hivyohivyo. Kila Ijumaa baada ya wateja kupungua alimwandikia barua, kisha akaihifadhi kwenye rasimu bila kuituma, kwa sababu aliambiwa asimwandikie, hakuambiwa asiandike. Humo aliomba radhi kwa kila namna lugha inavyoruhusu. Alimkumbusha utani wa utotoni, alimsimulia habari za kinyozi, alimweleza ya moyoni yote. Habari za upande wa pili alizipata kwa binamu mmoja ambaye siri kwake zilikaa muda wa maji kwenye kikapu.

"Anaandika cha pili," binamu alimwambia. "Mwaka wa sita huu. Kanunua kompyuta yake, anachapa mwenyewe kwa vidole viwili. Anasema hakuna mchapaji atakayegusa tena hata nukta yake."

"Vidole viwili!" Bi Chapa alisema. "Ataumia viwiko."

"Madaftari hataki tena. Kila kitu kimo humo ndani ya mashine. Wewe wamjua alivyo, akiamua."

Bi Chapa alimjua. Ndiyo maana akaja na mpango wake. Angetengeneza nakala moja ya kitabu cha kwanza, moja tu, yenye mwisho uleule ulioandikwa kwenye daftari la saba, ambalo bado alikuwa nalo. Angeijalidi kwa mkono wake na kuituma kwa posta. Posta haikukatazwa. Kikwazo kilikuwa kimoja: faili la kitabu lilikwenda na kompyuta yake ya zamani iliyokufa ghafla, na kitabu chenyewe kiliisha madukani. Lakini wasomaji wetu, Mwenyezi Mungu awazidishie, kitabu wasichokinunua hawaachi kukiskani. Akakipata mtandaoni, kizima, na doa la chai ukurasa wa tisini. Faili la namna ile halibadilishiki hata herufi. Linatazamwa tu, kama maiti. Alihitaji programu ya kuligeuza liwe maandishi ya kuchapika.

Akatafuta. Programu za aina hiyo ni nyingi, na ile ya juu kabisa ilikuwa na kitufe kikubwa cha kijani na maneno "Bure Kabisa, Milele". Neno bure peke yake linatosha kumtia mtu mashaka, lakini likiongezewa milele, mtu husahau. Kabla ya kujisakinisha, programu ilimwomba jambo dogo. Ilisema, ili ifanye kazi vizuri, azime kwanza antivairasi ya kompyuta yake.

Sasa hapa msimcheke haraka. Mtu mwingine angeshtuka. Mchapaji hashtuki. Kila mchapaji ana uhasama wa zamani na antivairasi, kwa sababu flashi ya mteja haikataliwi, na flashi za wateja zimepita sehemu ambazo hata wenyewe hawawezi kuzitaja. Miaka miwili nyuma, mwanafunzi wa chuo alichomeka flashi yake mezani pale, na antivairasi ikaona kitu kibaya ndani ya tasnifu, ikaila sura ya nne yote mbele ya macho ya mwenyewe. Binti yule alilia mpaka daktari wa meno akaja kuuliza kama ni mgonjwa wake. Tangu siku ile Bi Chapa alikuwa akiizima antivairasi kila mteja anapoingia, kama mtu anavyomfungia mbwa mkali ndani wageni wakija. Na wageni kwake walikuwa wanakuja kutwa.

Akaizima. Programu ikaingia. Ikakigeuza kitabu kizima kwa dakika moja, safi, hata doa la chai halikuonekana. Bi Chapa aliinama akaibusu skrini, na siogopi kuwaambia kwamba alikuwa hajambusu mtu muda mrefu.

Akashuka hadi sura ya mwisho. Akafuta kurasa zake saba. Akafungua daftari la saba, akaliegemeza kwenye printa, akaweka vidole juu ya vitufe.

Vikakaa.

Ikapita wiki. Zikapita tatu. Kila asubuhi alifungua faili lile, akautazama mstari mdogo unaopepesa mwanzoni mwa ukurasa mweupe, kisha akaenda kuchapa mambo ya watu. Hakujua kwamba kwa wiki hizo tatu hakuwa peke yake. Kigeuzi kilikuwa kigeuzi kweli, lakini chini yake kiliingiza kitu kingine, kikajificha ndani kabisa kwa jina la kiofisi ambalo mtu hawezi kulidhania ubaya. Kitu hicho kikaandika kila kitufe alichobonyeza. Kilisoma barua za wateja, kikasoma nywila zake, kikafungua kisanduku cha baruapepe na kusoma hata zile rasimu za Ijumaa, moja baada ya nyingine. Miaka tisa mwanamke yule aliandika barua zisizosomwa, na msomaji wa kwanza kumpata akawa huyo.

Kompyuta ikaanza kuwa nzito. Feni ikavuma hata mashine ikiwa haifanyi lolote. Ukurasa wa kwanza wa intaneti ukageuka wenyewe ukawa wa kamari. Siku moja kishale kilisogea chenyewe, taratibu, kikafika kona ya skrini, kikatulia kama kimesikia mtu anakuja. Bi Chapa aliona ni uzee. Na yeye mwenyewe siku hizo alikuwa anachelewa kuwaka asubuhi.

Wa kwanza kuja alikuwa wakili.

"Bi Chapa, mimi na wewe tunaheshimiana," alisema bila kukaa. "Umeniandikia 'mpendwa'. Mke wangu kaisoma kabla yangu."

"Mimi? Nikuandikie mpendwa wewe?"

"Usiseme hivyo kama vile haiwezekani." Wakili alimpa simu yake. Barua ilitoka kwa Bi Chapa kweli, jina lake, anwani yake, na chini yake barua ya wakili mwenyewe ya miaka minne iliyopita kuhusu mkataba wa kiwanja. Juu iliandikwa: "Mpendwa, tafadhali pata waraka iliyoambatanishwa na fungua yeye haraka."

Bi Chapa aliisoma mara mbili. Kilichomuuma kwanza hakikuwa wizi.

"'Fungua yeye'? Mimi niandike 'fungua yeye'?"

"Ndiyo maana sikufungua," wakili alisema. "Nilimwambia mke wangu, huyu mama akinitongoza, atanitongoza kwa Kiswahili sanifu."

Kufika saa tano walikwishakuja mwalimu mkuu, mwenye duka la viatu, na katibu wa kwaya aliyefungua waraka wake na sasa kompyuta ya kwaya haikubali hata kuzimwa. Bi Chapa akafunga mlango, akavuka barabara kumwita Bisibisi.

Bisibisi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeanza kwenye redio, akapitia televisheni, akaishia kwenye kompyuta, na bisibisi yake aliichomeka nyuma ya sikio kama karani anavyochomeka kalamu. Aliingia, akachomoa waya wa intaneti kabla hata ya salamu, akakaa.

"Umefungua nini?"

"Sijafungua kitu."

"Wagonjwa wote wa huu ugonjwa husema hivyo. Umefungua nini, mwenzangu, na lini?"

Bi Chapa akamwonyesha kitufe cha kijani.

"Na ikakwambia uzime antivairasi?"

"Iliomba. Kwa adabu."

"Kwa adabu!" Bisibisi aliegemea nyuma, na kamusi chini ya kiti ikalalamika. "Mwizi kabisha hodi mchana, kaomba mbwa afungwe, na wewe ukamfunga mbwa, ukampa mwizi na stuli akae."

"Lakini ilifanya kazi."

"Lazima ifanye kazi! Isingefanya ungeifuta siku ileile. Hawa wanaitwa Trojani. Si kama kirusi cha kawaida kinachoruka chenyewe kama mafua. Huyu hana miguu. Anasubiri ukaribishe. Anakuletea unachokitaka kweli, na wewe ukiwa unashangilia zawadi, yeye anafungua mlango wa nyuma na kuwaita wenzake. Kuanzia hapo mashine ni yako kwa mbele tu."

"Na hizi barua?"

"Anachukua barua za zamani ulizowahi kuandikiwa, anazijibu kwa jina lako, anabandika faili. Anayekuamini anafungua. Na ile anayotuma ni kali kuliko iliyoko kwako. Ukiifungua inafunga kila kitu kwa kufuli usilo na ufunguo wake. Picha, hesabu, vitabu, vyote unaviona hapo vimekaa, majina yake yapo, na havifunguki tena."

Bi Chapa alisikia neno moja tu. Vitabu.

"Anajibu za zamani," alisema. "Za zamani kiasi gani?"

"Zote alizozikuta."

"Hata za miaka tisa?"

Bisibisi alimtazama. Alikuwa jirani wa siku nyingi, na binamu alikuwa amepita pia dukani kwake. Hakuuliza. Alitoa simu yake, akaingia kwenye kisanduku cha Bi Chapa kutoka huko, akabadili nywila, kisha akashuka orodha ya barua zilizotumwa kwa kidole gumba. Zilikuwa mia mbili na zaidi. Kidole kikasimama.

Ilikwenda jana yake, asubuhi. Chini palikuwa na ile mistari miwili, "Usiniandikie tena", na juu yake jibu, baada ya miaka tisa, la dada mtu: "Mpendwa, tafadhali pata waraka iliyoambatanishwa na fungua yeye haraka."

Bi Chapa alikaa juu ya boksi la karatasi. Kwa miaka tisa hakuomba kitu kingine duniani ila mdogo wake aone jina lake na afungue. Sasa alikuwa akiomba asiwe amefungua.

"Mpigie," Bisibisi alisema.

"Namba yake sina."

"Binamu yenu je?"

"Binamu naye kabadilishiwa namba. Wanaonana msibani tu."

"Basi mwandikie. Sasa hivi, kwa simu yangu. Lakini fikiri, mama. Atakuta barua mbili za kwako. Moja inasema fungua, nyingine inasema usifungue. Atajuaje ipi ni wewe?"

"Atajua kwa lugha."

"Siku hizi wanaiga. Na wamesoma kila kitu ulichochapa hapa. Mwambie kitu ambacho hujawahi kukichapa kwenye mashine hii. Jina la utotoni, siri yenu, chochote."

Bi Chapa akafungua mdomo kutaja jina la utotoni, akakumbuka kwamba lilikuwa kwenye rasimu ya Ijumaa fulani. Siri ya sukari iliyoibwa ilikuwa kwenye nyingine. Wimbo wa kumlaza, kovu la gotini, ndoto yake ya nyoka, msamaha wote, machozi yote: alivichapa. Alijimwaga mzima ndani ya mashine ile, hakubakiza.

Alibakiza kimoja. Wiki tatu kilikuwa kimeegemezwa kwenye printa, na miaka tisa kabla ya hapo kilikuwa ndani ya bahasha.

Akaipokea simu ya Bisibisi. Hakuhitaji kulitazama daftari. Vitufe vya simu ni vidogo, na yeye wa vidole kumi akaandika kwa kimoja, herufi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe:

"Ni mimi. Waraka wa jana usiufungue, ni wa wezi, utaharibu kitabu chako. Namba yetu ilikuwa arobaini na moja. Walikuwa wamefika thelathini na nane. Mama alikuegemea begani, ukaniambia nisimwamshe. Walipoita arobaini na moja hakuinuka mtu. Walipoita arobaini na mbili, mwanamke mwingine akainuka, akapita mbele yetu. Mama alifariki pale. Hakurudi nyumbani na sisi."

Akatuma. Bisibisi alikuwa ameongeza namba yake ya simu chini kabla haijaondoka. Akaishusha kompyuta sakafuni, akajifanya ana kazi kubwa ya kufungua skrubu zake. Alipuliza vumbi. Alifuta diski yote ili aanze upya, akieleza kila hatua kwa sauti ambayo haikuhitaji kusikilizwa: kwamba kusafisha juujuu hakutoshi, kwamba nywila zote zibadilishwe, kwamba programu ipakuliwe kwa wenyewe walioitengeneza na si kwa kila mwenye kitufe cha kijani. Upande wa kulia mgonjwa alilia. Upande wa kushoto kinyozi alicheka na mtu.

Baada ya nusu saa simu ikaita. Namba ngeni. Bisibisi aliitazama, akaisukuma mezani kwa ncha ya kidole.

"Haloo," alisema Bi Chapa.

Ikaja sauti, nzito kuliko aliyoikumbuka.

"Ulikosea. Sikukwambia usimwamshe. Wewe ndiye uliyeniambia mimi."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Dada, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, ningejuaje amelala au hajalala? Wewe ndiye ulisema, mwache apumzike."

Bi Chapa alifumba macho. Inawezekana. Miaka yote ile inawezekana ilikuwa hivyo.

"Labda," alisema. "Waraka umeufungua?"

"Jana."

"Ewe Mungu wangu."

"Jana, dakika ileile ilipofika."

"Na kitabu?"

"Kipo. Nakiona. Jina lake lipo, sura zote zipo. Hakifunguki. Miaka sita."

"Lakini Kiswahili chenyewe," Bi Chapa alisema, "hukuona Kiswahili chenyewe? 'Fungua yeye'? Wewe mwandishi mzima!"

"Niliona. Nikajua si wewe. Mtu akisoma mstari wa kwanza tu angejua si wewe."

"Sasa kwa nini ulifungua?"

Huko aliko, gari lilipita. Alisubiri lipite.

"Jina lilikuwa lako," alisema.

Bisibisi aliinuka akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwao, akawaambia wateja wawili kwamba leo mchapaji ana udhuru, na wa tatu kwamba hata kesho.

Hawakusameheana. Msidhani hivyo. Alimwambia dada yake kwamba yale makofi ya uzinduzi bado anayasikia, kwamba alitaka walau mahali pamoja duniani Mama afe kwa haki, watu wajue kwamba foleni ilikuwa na watu watatu tu mbele yake. Bi Chapa hakujitetea. Alisema ndiyo, na tena ndiyo. Wakabishana kuhusu viatu vya Mama siku ile, yeye akisema vya kijani, mdogo wake akisema hakuwa na vya kijani kamwe, na kwa dakika tatu walisahau kwamba hawaongei.

"Sura ya kwanza naikumbuka," mdogo wake alisema mwishoni. "Ya pili kidogo. Zilizobaki sijui."

"Nisomee nikuandikie. Kwa kalamu. Mashine imepasuliwa hapa, hata ningetaka kuharibu sina pa kuharibia."

Mdogo wake akaanza kusema, polepole, na Bi Chapa akageuza karatasi iliyoharibiwa na printa, akaandika nyuma yake. Sentensi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya nne palikuwa na neno ambalo yeye asingeliweka pale hata kwa kulazimishwa. Akaliandika. Wakafika nusu ukurasa.

"Inatosha leo," mdogo wake alisema. "Kichwa kinauma."

"Chukua namba yangu basi. Hii ni ya jirani."

"Itaje."

Akaitaja. Alitaka kumwambia arudi, hata kwa siku moja, chumba chake bado ni chumba chake, kitanda bado kinalia upande uleule. Alitaka kumuuliza kama viwiko vinamuuma. Badala yake aliirudia namba mara ya pili, tarakimu moja moja, kwa utulivu, kama anayemsomea mteja.

"Haya," alisema mdogo wake.

"Umeiandika?"

Lakini alikwishakata. Na yeye hakumsikia akiirudia.

Bisibisi alirudi, akachukua simu yake, akaifuta kwenye gauni.

"Kaiandika?" aliuliza.

"Sijui."

"Namba yake mbona iko hapa? Mpigie wewe."

Bi Chapa alitikisa kichwa. Alitoa simu yake mwenyewe mkobani, akaiweka juu ya meza, pale ilipokuwa kompyuta, mahali palipobaki na alama ya mraba katikati ya vumbi. Akavuta kiti, akakaa nayo.